Baba anataka mines, mtoto anataka informatiki, na kuna bwana mwenye burse: jibu kwa mama wa Lubumbashi

Swali:

"Jambo, mwalimu. Mtoto wangu wa kwanza yuko mwaka wa nne wa humanite, sehemu ya Sayansi, katika kolegi moja ya mapadri hapa Lubumbashi. Tangu darasa la saba hajawahi kushuka chini ya 70 kwa mia. Juzi shuleni waliwaambia kwamba atakayepata chini ya 65 kwenye Exetat asahau Politekniki, na tangu siku hiyo mtoto halali vizuri. Baba yake alifanya kazi mgodini mpaka 2003. Anataka mtoto asome mines na si kitu kingine; anasema Katanga ni shaba. Mtoto anataka informatiki. Juu ya hayo, kaka yangu ametuletea bwana mmoja mwenye burse ya asilimia 50 ya kusoma ng'ambo. Tunatakiwa tutoe dola 800 za dosie kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nyuma ya huyu kuna wadogo watatu wanaosoma. Mimi nauza vitenge soko la Kenya, pesa zangu si za kuchezea. Tufanye nini?"

Jibu:

Mama, umeuliza swali moja, lakini naona manne yamefungwa kwenye kitenge kimoja. (Kwa wasomaji walio mbali: humanite ni sekondari, na mwaka wake wa nne ndio wa mwisho; Exetat ni Mtihani wa Serikali wa kumaliza humanite; Politekniki ni fakilte ya uhandisi, mines ni uhandisi wa madini, informatiki ni masomo ya kompyuta, na burse ni ufadhili wa masomo. Kenya anayoitaja mama ni komuni ya Lubumbashi, huku Kongo, si nchi.) Naanza na lile lenye tarehe, kwa sababu mengine yanaweza kungoja wiki mbili bila kuharibika. Hizo dola 800 msizitoe mwezi huu. Hata kama bwana huyo ni mtu wa kweli, na wa kweli wapo, nafasi ya masomo inayopotea kwa sababu tu familia imeomba muda wa kuuliza maswali si nafasi ya kulilia.

Kwanza mwulizeni: asilimia 50 ya nini? Vyuo vingi vya kibinafsi vinavyotafuta wanafunzi wa nje huandika ada kubwa kwenye karatasi, kisha humpunguzia karibu kila anayeomba. Punguzo hilo wanaliita burse kwa sababu neno lenyewe ni tamu masikioni mwa mzazi. Wakala hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayemfikisha, na wengine huchukua kwa familia pia. Huo si lazima uwe wizi. Ni biashara, kama wewe unavyochukua vitenge kwa bei ya jumla na kuuza kimoja kimoja. Tofauti ni kwamba wewe humwambii mteja wako kuwa unampa zawadi. Ile nusu iliyobaki mtailipa kila mwaka, na juu yake kuna chumba, chakula, bima, kibali cha kukaa na tiketi. Nimekutana na familia iliyouza kiwanja ili mwaka wa kwanza ulipwe, mwaka wa pili pesa zikaisha, na kijana akabaki ugenini bila chuo, bila kibali, anaosha vyombo usiku na kuwadanganya wazazi wake kwenye simu kwamba mitihani inaendelea vizuri. Hao hawakutapeliwa na mtu. Walihesabu mwaka mmoja tu, basi.

Burse ya kweli ina alama zake. Ile ya serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, mtoto anaiomba mwenyewe kwenye tovuti yao bila kulipa hata franka moja, kwa kawaida kati ya Januari na Februari. Kwa ngazi ya lisansi, yaani shahada ya kwanza, wanataka asiwe amefikisha miaka 21, na anayechaguliwa hulipiwa ada, malazi, posho ya mwezi na tiketi. Baadhi ya burse za serikali ya China hupitia ubalozi. Ushindani ni mkali na wengi hukosa, lakini anayekosa hajapoteza dola 800. Mkitaka kumpima bwana wenu, mwombeni jina kamili la chuo, kisha mtoto aandike mwenyewe kwa anwani aliyoikuta kwenye tovuti ya chuo, siyo ile iliyo kwenye kikaratasi cha bwana. Ulizeni jumla ya gharama mpaka siku ya diploma, na pesa zinaingia kwenye akaunti ya nani. Ulizeni pia masomo ni kwa lugha gani. Na kumbukeni kwamba diploma ya nje, mtoto akirudi nayo, itabidi itambuliwe na wizara ya elimu ya juu huko Kinshasa. Chuo ambacho wizara haikitambui kitamrudisha nyumbani na karatasi ya kupamba ukuta.

Kama hamu ya kusoma nje ni ya kweli, mbona hamtazami karibu? Kutoka mpakani Kasumbalesa hadi Kitwe, Zambia, si mbali, na pale Kitwe kuna Copperbelt University yenye kitivo cha madini. Ada ya mgeni si ndogo na masomo yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo sisemi ni rahisi. Nasema unaweza kupanda basi na mtoto wakati wa likizo, ukaingia, ukaona madarasa, ukauliza bei kwa mdomo wako. Chuo kilichoko upande wa pili wa bahari utakijua kwa picha tu.

Sasa hilo la 65 linalomnyima mtoto usingizi. Mtihani wa Serikali umekuwepo tangu 1967, na diploma hupatikana kuanzia 50 kwa mia. Mwenye 52 na mwenye 72 wanapewa diploma ileile, yenye haki ileile ya kugonga mlango wa chuo kikuu. Ni kweli kwamba fakilte zinazojaa watu, Politekniki na Udaktari hasa, zinaweza kufanya konkuru, yaani mtihani wa mchujo wa kuingilia, au kuangalia asilimia ili kupunguza msururu. Lakini masharti hayo hutangazwa na fakilte yenyewe, mwaka kwa mwaka, na kubandikwa kwenye valve, ubao wa matangazo. Anayeyajua ni aparitora wa chuo, yule anayeandikisha wanafunzi. Mwalimu wa humanite akisema 65, huenda anakumbuka mwaka wa mdogo wake, au anataka kuwachapa vijana mjeledi wasome. Namwelewa, nami niliwahi kufanya hivyo nilipokuwa kijana kazini, na matokeo yake yalikuwa darasa zima la watoto wanaotetemeka.

Kuna jambo jingine mtoto anapaswa kulijua kabla ya Juni, ili asije akavunjika moyo Agosti. Mwanafunzi wa 75 shuleni anaweza kabisa kutoka na 58 kwenye Exetat, na akili yake iko palepale. Shuleni mwalimu husoma hesabu mstari kwa mstari. Ukikosea mwishoni, bado unapata pointi za njia. Kwenye Exetat unachagua jibu moja kati ya kadhaa, na mashine haijui kwamba ulikosea alama ya kutoa tu. Kwa hiyo azoee aina hiyo ya maswali: achukue maswali ya miaka iliyopita, saa mezani, muda uleule wa mtihani. Hiyo ni mbinu, na mbinu hujifunzwa kwa wiki chache.

Lakini mama, nikuambie ninachokiogopa kweli kwa mtoto wako. Sikiogopi kile kilichoko mlangoni. Nakaa kwenye ofisi ya ushauri ya shule mwaka wa 19 sasa, na kabla ya hapo nilikuwa asistenti wa hisabati mwaka wa kwanza wa chuo. Niliowaona wakishindwa kuingia ni wachache. Niliowaona wakiingia kwa vigelegele mwezi wa kumi na moja na kutoka kimyakimya kwenye delibe, pale matokeo ya mwaka yanapoamuliwa, ni wengi mno, na kati yao wamo vijana wa kolegi nzuri, wenye 70 kwa mia tangu darasa la saba, kama wako. Familia nyingi huweka nguvu zote kwenye mtihani wa kutoka shuleni na kumwacha mtoto mwenyewe kwenye mwaka wa kwanza, wakati mwaka huo ndio unaochuja.

Kwa nini unachuja? Katika kolegi mtoto wako amekaa na wenzake arobaini hivi. Prefe, mkuu wa shule, anamjua, padri anamjua, akikosa siku mbili wanakupigia simu. Kwenye oditwari, ukumbi wa masomo, ya mwaka wa kwanza kuna mamia. Anayechelewa anakaa kwenye ngazi au anasimama mlangoni, na hakuna atakayejua kwamba hakuja. Halafu kuna mwendo wa masomo yenyewe. Profesa mwingine anatoka mji mwingine, anakuja kwa wiki mbili, anafundisha somo zima asubuhi na mchana, anaondoka. Kitu ambacho kwenye humanite kingechukua miezi minne mtoto anakimeza kwa siku kumi, na mtihani wenyewe unaweza kuja muda mrefu baadaye, wakati ameshasahau nusu. Na yote hayo ni Kifaransa, Kifaransa cha haraka kisichorudia. Mtoto wako anakijua Kifaransa, sina shaka. Lakini nyumbani na sokoni ni Kiswahili, na kusikiliza kwa saa sita huku ukiandika bila mtu wa kukuamulia kipi ni muhimu ni kazi nyingine kabisa.

Kisha kuna shimo la programu ya masomo. Integrali kwa kawaida hufundishwa mwishoni mwa humanite, na mwishoni mwa mwaka kila mtu anakimbizana na maswali ya Exetat. Wengi ninaowapokea wamezigusa kwa juma moja, wengine hawakuzigusa. Mwalimu wa uchambuzi wa hisabati kule chuoni hawezi kurudi nyuma. Anaanza pale ambapo programu inasema umefika. Ongeza kwamba chuoni maswali ya kuchagua yanakwisha, wanataka tena njia nzima, hatua kwa hatua, na mtoto ametoka kujinoa mwaka mzima kuchagua herufi.

Basi mpime nyumbani, Jumamosi moja. Mpe karatasi nyeupe na dakika arobaini. Aandike juu yake f(x) = x²·e⁻ˣ, aichunguze yote: dirivati, inapopanda na kushuka, tabia yake x ikienda mbali kila upande, kisha aichore. Wewe si lazima ujue hesabu. Akimaliza, aone kama kilele cha mchoro wake kiko pale x ni 2, kwenye urefu wa 0.54 hivi, na kama bonde lake liko sifuri. Kisha, na hapa ndipo pa maana zaidi, akueleze kwa Kifaransa kwa sauti, kama mwalimu ubaoni, kwa nini kilele kiko pale. Akifanya yote mawili bila kusita, mtoto huyu ana msingi na mimi sina hofu naye. Akipata jibu lakini akashindwa kulieleza, ndiyo hali ya wengi, na inatibika. Akikwama kwenye dirivati, basi ile 70 ya shuleni ilikuwa ya kukariri. Ni afadhali kulijua sasa kuliko kulijua mwezi wa Machi akiwa chuoni.

Kutibu kwenyewe kuna wakati wake. Exetat ikiisha, kabla ya mwaka wa chuo kuanza, kwa kawaida Oktoba au Novemba, kuna miezi mitatu au minne ambayo vijana wetu huila kwa mpira na simu. Apumzike wiki tatu, amestahili. Baada ya hapo, asubuhi tu, kwa muda wa saa tatu kila siku: integrali na namba changamano, mekanika tangu mwanzo, na kurasa kumi za Kifaransa cha sayansi ambazo anazifupisha kwa maneno yake. Mtafutieni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Politekniki amfundishe mara mbili kwa wiki, na akimaliza amwachie silabi zake, yale maandishi ya masomo, za mwaka wa kwanza. Atawagharimu pesa kidogo sana mkilinganisha na zile 800, na kwa mawazo yangu hakuna pesa nyingine mtakayoitumia kwa mtoto huyu mwaka huu itakayozaa zaidi.

Nije kwa baba sasa, na namwendea kwa heshima, maana anachosema si upuuzi. Katanga ni shaba kweli. Lakini yeye mwenyewe ni shahidi wa upande wa pili. Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mwaka 1986 ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwaka 1994 ilikuwa imeanguka hadi tani kama 30,000. Mwaka 2003 ndipo ilipokuja ile departi volonteri, kuacha kazi kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa bahasha ya mwisho na kurudi nyumbani. Baba wa nyumba yako aliacha mgodi mwaka huohuo. Naomba umuulize taratibu, siyo mbele ya watoto: mwaka 1986, nani angemwambia kwamba siku moja kazi ile itayeyuka? Siku hizi migodi imefufuka, magari ya Kolwezi, mji wa migodi, hayaishi barabarani. Hata hivyo Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, na watu waliona tena mlango ukifungwa kwa tangazo moja. Mtoto akianza chuo leo, atatafuta kazi baada ya miaka mitano. Bei ya shaba ya siku hiyo haijulikani kwa baba, kwangu, wala kwa wenye migodi.

Simaanishi akimbie migodi. Namaanisha asichague kwa kuangalia bei. Mgodi wa leo unahitaji mtu wa kulipua mwamba, lakini unahitaji pia wa kuendesha mitambo ya umeme, wa kupima maji na asidi kwenye kiwanda, wa kuandika programu zinazoongoza pampu, wa kuhesabu fedha. Pale Politekniki ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kuna mines, lakini kuna pia metalurjia na elektromekanika, na mtu wa elektromekanika mgodi ukifunga anaweza kwenda kwenye sementi, bia, umeme au reli. Wa mines hana njia nyingi hivyo.

Na mtoto naye aulizwe maswali, maana "nataka informatiki" ni sentensi ninayoisikia kila wiki na mara nyingi maana yake ni "napenda simu yangu". Mwulize ametengeneza nini. Je, amewahi kuandika programu ndogo, hata ya kuhesabu mauzo yako ya vitenge? Amekaa usiku akitafuta kosa moja mpaka akalipata? Kama ndiyo, ana wito, na msimzuie. UNILU wanaifundisha, na Masalesiani, watawa wa Kikatoliki, wana shule yao ya juu ya informatiki, ESIS Salama, hapa hapa mjini. Lakini sitakuficha ugumu wake. Vijana wenye diploma ya informatiki wamejaa mjini, na anayepata kazi ni yule mwenye kitu cha kuonyesha, si mwenye karatasi peke yake. Atahitaji kompyuta yake mwenyewe, intaneti ya kila siku, njia ya kuchaji umeme ukikatika, na Kiingereza cha kusoma, kwa kuwa sehemu kubwa ya maarifa ya kazi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Hizo ni gharama ambazo hazimo kwenye karatasi ya ada.

Mkiniuliza mimi ningefanya nini, huku sijamwona mtoto: kama ule mtihani wa Jumamosi ameufanya vizuri, ningemwandikisha konkuru ya Politekniki, kwa nia ya elektromekanika, na wakati huohuo ningechukua fomu ya informatiki. Sababu ni moja. Hisabati na fizikia ya Politekniki inafungua mlango wa informatiki baadaye. Mtu anaweza kutoka huko na kuwa mzuri sana kwenye programu za viwandani. Kutoka informatiki kurudi kwenye uhandisi ni vigumu zaidi. Lakini kama ametengeneza vitu, na macho yake yanawaka anapovieleza, ningefuta niliyoyasema na kumpeleka informatiki bila kumpotezea mwaka. Mwaka mmoja nilimshawishi kijana afuate alichotaka baba yake, kwa sababu baba alikuwa rafiki yangu na nilitaka amani. Alirudia mwaka wa kwanza mara mbili, kisha akaanza upya alikotaka tangu mwanzo. Leo ananisalimia vizuri tukikutana mjini. Baba yake ndiye hanisalimii.

Kabla ya baba kukataa, mpeni nafasi hii: atumie watu anaowajua bado kazini, mtoto apelekwe siku moja kukaa na mhandisi wa mines akiwa kazini, na siku nyingine na mtu wa mitambo au wa kompyuta kwenye kampuni hiyohiyo. Siku mbili tu. Nimeona ugomvi wa miezi sita ukiisha kwa njia hiyo, wakati mwingine kwa ushindi wa baba.

Kuna neno moja linalowachanganya wazazi wa umri wenu, nalo ni lisansi. Enzi zenu mtu alifanya grada miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili, jumla mitano. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia mfumo wa LMD: lisansi ni miaka mitatu, masta miwili, halafu udaktari wa utafiti. Mtoto akikuambia "nimemaliza lisansi", yuko pale ambapo zamani mtu alikuwa na grada. Kwa kazi nyingi za uhandisi mtataka afike masta, kwa hiyo bajeti ni ya miaka mitano, au sita pale ambapo fakilte ina mwaka wa maandalizi. Kila mwaka una krediti 60, na krediti moja ni saa 25 za kazi, za darasani na za peke yake. Zidisha: saa 1,500 kwa mwaka. Ukizigawa kwa wiki 30 za masomo unapata saa 50 kwa wiki. Ndiyo maana swali la mahali atakapolala si dogo. UNILU haiko sehemu moja mjini. Ulizeni masomo ya mwaka wa kwanza yanafanyika wapi hasa, kisha mpande taksi-basi kutoka kwenu asubuhi ya Jumatatu na kuhesabu dakika. Kijana anayekaa barabarani kwa muda wa saa tatu kila siku anapoteza saa 15 au zaidi kwa wiki kati ya zile 50. Wakati mwingine chumba cha kushirikiana na mwenzake karibu na chuo ni nafuu kuliko kurudia mwaka.

Kwa hiyo kaeni na daftari lako la duka, wewe unayejua kuhesabu kuliko wengi wetu. Andika ada ya mwaka mmoja kama aparitora atakavyokuambia, silabi, usafiri au chumba, chakula cha mchana, kompyuta, kazi za mwisho wa mzunguko na nauli za staji, mafunzo ya kazini. Zidisha kwa miaka, kisha weka mwaka mmoja wa ziada pembeni, maana kushindwa mara moja hutokea hata kwa wenye akili. Pembeni mwake andika mdogo wa pili atakapofika humanite na minervali (ada ya shule) yake. Jumla ikikuzidi, lisansi ya miaka mitatu inayomwezesha kufanya kazi kabla ya masta si aibu hata kidogo. Ni bora kuliko kuanza mbio ndefu na kuishia njiani wadogo wakiwa nyumbani bila shule.

Nimebakiza usingizi wake, na hili usilichukulie kama jambo dogo. Wiki moja ya kutolala kabla ya mtihani ni ya kawaida. Mwambie ukweli kuhusu 65 na huenda ataanza kulala kesho. Lakini ikiwa imepita wiki mbili tatu na bado, ikiwa hali chakula, hacheki na wenzake, anasema hana maana au anaongea juu ya kufa hata kwa utani, hapo ushauri wa masomo umeisha. Mpeleke kwa daktari au mwanasaikolojia siku hiyohiyo, Exetat ingoje. Mwaka wa shule unarudiwa.

Kama analala na anakula, nendeni shuleni kwake kuonana na mshauri wa masomo. Kolegi nyingi zinaye, ingawa wazazi humkumbuka Agosti tu. Ombeni muda naye kabla ya mitihani ya nje ya sesioni, ile sehemu ya Exetat inayotangulia, kuanza, kisha asubuhi moja mpite kwa aparitora wa Politekniki na wa informatiki mkiwa na kalamu. Mwende watatu: wewe, baba, na mtoto mwenyewe, na maswali aulize yeye. Chukueni buletini za miaka miwili ya mwisho, daftari lake la hisabati hata kama limechakaa, karatasi ya ule mchoro wa Jumamosi, na kile kikaratasi cha bwana wa burse. Mshauri akisome naye.